Wagonjwa wa Maonyesho

Kitu cha kwanza Ruweida alichokiona ni mito. Alikuwa akipita nyuma ya jengo kongwe na ndoo yake, anakwenda kuteka maji kwenye mfereji wa bomba ulio karibu na kisima, akachungulia dirisha la vibao. Ndani kila kitanda kilikuwa na mto, tena si mmoja, miwili miwili, imepangwa juu ya shuka nyeupe ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Vyandarua vilikuwa vimefungwa vifundo juu kama vilemba. Mtu hata mmoja hakuwamo. Ruweida akabaki pale, ameganda, mpaka mwanamke mmoja nyuma yake akamwuliza kama mfereji umehamia dirishani.

Hospitali ya Jiwe Jeupe iko kisiwani Mombasa, upande unaotazama bahari, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu kwa mwenye miguu mizima. Ina majengo mawili. Jengo kongwe lina kuta za matumbawe nene kama ukaidi, boriti za mikoko, paa la vigae vyekundu, varanda pande zote na mlango wa nakshi ambao watalii huupiga picha. Upepo huingia upande huu ukatokea upande ule bila kuombwa. Jengo jipya lina nyufa.

Miaka michache nyuma wakubwa walisema jengo kongwe ni hatari, wakawatoa wagonjwa wote wakawatia katika jengo jipya. Kisha wakatokea wafadhili wanaopenda vitu vya kale. Jengo kongwe likatengenezwa, likapigwa chokaa, likatiwa vitanda vya chuma vya mtindo wa zamani na magodoro ambayo hayajapata kulaliwa, na lilipokwisha likawa zuri mno kuwekwa wagonjwa. Mlangoni kukatundikwa kibao: TURATHI YETU. USIGUSE. USIKALIE KITANDA. Akawekwa na bawabu, mzee Baya, aliyevilinda vile vitanda kama mahari ya bintiye.

Katika jengo jipya, kwenye korido, nyanya yake Ruweida alikuwa amekaa juu ya benchi. Jina lake Bi Mwanakuu, lakini mtaa mzima wa Kuze ulimwita Nana, na baada ya muda mfupi hata wagonjwa wenzake walimwita hivyo. Miguu ilikuwa imemvimba tangu mfungo wa Ramadhani. Akilala chali, pumzi zilimkimbia, akaamka anatweta kama aliyekimbizwa na mbwa. Hivyo hakulala. Alikaa ameegemea ukuta, leso mbili za kujitanda zimeviringishwa nyuma ya shingo yake, na leso ikiviringishwa vipi haiwi mto. Kilichomfaa ni kitanda, na mito miwili ya kumwinua kifua. Ruweida aliijua hiyo mito iko wapi. Aliiona kwa macho yake.

Sasa, mtu atauliza, mbona hakupewa kitanda? Vitanda vya jengo jipya vilikuwa haba, lakini si kwamba havikupatikana kabisa. Shida ilikuwa Nana mwenyewe, na malezi yake.

Kila asubuhi daktari alipita. Aliitwa Benard, kijana wa bara, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na alikuwa peke yake kwa korido nzima. Alipofika Mombasa alionywa kwamba watu wa hapa hawaulizwi "unaumwa wapi" kabla ya salamu. Akajifunza salamu, hata ile ya "wambaje", yaani wasemaje, na jibu lake "sina la kwamba", sina baya la kusema; akazijua, akazionea fahari.

"Shikamoo, Nana."

"Marahaba, mwanangu."

"Wambaje leo?"

"Sina la kwamba, baba. Njema, alhamdulillahi. Wewe je? Mama watoto?"

"Mzima."

"Na watoto?"

"Wazima, Nana."

"Na wazee huko bara? Mvua mmepata?"

"Tumepata, Nana, tunashukuru."

"Alhamdulillahi," Nana akasema, huku akitia pumzi kwa mafungu, na miguu yake ameifunika kwa buibui ili mwanamume asiione.

Basi Benard akafurahi kwamba yuko angalau mgonjwa mmoja mwenye nafuu, akamgusa bega, akasonga kwa wa pili. Wa pili alikuwa seremala wa Kisauni, Ngowa kwa jina, aliyejigonga kidole kwa nyundo. Ngowa hakulelewa Kuze. Alipiga ukelele ulioamsha kunguru kwenye mti wa mkungu uani, na jioni ile akapewa kitanda.

Ruweida aliyaona yote haya, akanyamaza. Aliacha shule darasa la sita mama yake alipofariki, na tangu hapo watu aliozungumza nao sana ni Nana na paka wa jirani. Hata hivyo haikuwa kuona haya peke yake. Alivyofundishwa, mgonjwa akiulizwa hali husema njema, kwa sababu anayeuliza ni mgeni, na mgeni hapokewi kwa malalamiko. Na mkubwa akishajibu, mdogo hamrudii neno. Kusema mbele ya watu "Nana hasemi kweli" kungekuwa sawa na kumvua buibui sokoni.

"Nana," alimnong'oneza siku moja Benard alipokwisha kupita, "kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hulali."

"Kijana wa watu hajala tangu asubuhi, anatembea na njaa yake, nimtwike na usingizi wangu?" Nana akavuta pumzi. "Mwacheni daktari apumzike. Ana wagonjwa wengi."

Sista Awiti, muuguzi wa zamu, alikuwa akipita na sinia la dawa. Akasimama, akainama karibu na sikio la Ruweida. "Mdogo wangu, kitanda kimoja kitakuwa wazi kesho kutwa. Daktari atampa anayelia zaidi. Huyu nyanya yako akiendelea kumwuliza habari za mvua, atakaa hapa mpaka mvua inyeshe tena."

Ruweida akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake korido ilipata mgeni. Alikuwa Bwana Abdulghafur, mwenyekiti wa Kamati ya Turathi, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, koti juu, marashi yamemtangulia kufika. Aliipenda hospitali ile kwa dhati. Aliweza kukueleza kila boriti imetoka mwitu gani wa mikoko. Yeye mwenyewe akiumwa na jino hupanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo.

"Kesho tunafungua jengo kongwe," akawatangazia watu wa korido, kana kwamba wamealikwa. "Mgeni rasmi ni mheshimiwa mkubwa sana. Naye amesema hataki jumba la vitu vilivyokufa. Ametaka aione hospitali kama ilivyokuwa zamani, hai, na wagonjwa vitandani. Kwa hivyo tunatafuta wagonjwa."

Korido nzima ikanyanyuka. Mtu mmoja alipanda mabegani mwa mwenzake.

"La, la, la!" Bwana Abdulghafur akarudi nyuma na kitambaa puani. "Si nyinyi! Nyinyi mnaumwa! Mtakohoa ovyo, mtachafua shuka. Nataka wagonjwa wazima."

Kisha kijana mmoja mlangoni, Taib, auzaye juisi ya ukwaju Makadara, aliyekuwa amekuja kumletea seremala kikombe cha juisi, akacheka. "Mimi mzima, bwana. Naweza kuugua vizuri."

"Ebu ugua nikuone."

Taib akajishika tumbo, akapinda mgongo, akatoa mlio uliofanya paka wa korido atoke mbio.

"Mashaallah," akasema Bwana Abdulghafur. "Umepata. Chakula cha mchana ni pilau. Sasa nataka mama mtu mzima, mwenye sura ya zamani, heshima yake inaonekana." Macho yake yakatambaa juu ya benchi yakamfikia Nana, aliyekaa wima, leso imemkaa, hina vidoleni, amejiinamia kidogo kama malkia aliyechoka na baraza. "Huyu! Huyu ndiye. Shikamoo, mama. Wambaje?"

"Marahaba. Sina la kwamba, baba. Njema, alhamdulillahi."

"Waona? Mzima huyu. Umekuja kumwangalia nani, mama?"

Nana, aliyeona ni aibu kujitaja, akasema tu, "Niko na mjukuu wangu."

Bwana Abdulghafur akamtazama Ruweida, mwembamba, macho chini, ndoo mkononi. "Maskini," akasema kwa huruma ya kweli. "Mungu atamponya. Basi, mama, utatusaidia? Ni kulala tu kitandani."

Ruweida akaikumbuka ile mito miwili. Kulala tu kitandani. Angeweza kusema pale pale kwamba mgonjwa si yeye, ni Nana. Lakini akisema, Nana ataachwa kwa sababu anaumwa. Wagonjwa hawatakiwi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kunyamaza kulikuwa na faida, akanyamaza kwa bidii.

"Kwenda kulala kwenye kitanda cha watu, nasi hatukualikwa na mwenye nyumba," Nana akalalamika walipokuwa wakivuka ua. Kila baada ya hatua chache alisimama, akisingizia kuutazama mkungu.

"Tumealikwa, Nana. Yeye ndiye mwenyekiti."

"Haya. Lakini viatu tutavua."

Mazoezi yalifanyika mchana ule ule. Baya alifungua mlango wa nakshi huku akiugua kuliko Taib. Ruweida akamvua Nana viatu, akampandisha, akaisimamisha ile mito miwili, akamwegemeza. Upepo ukaingia upande huu. Nana akakodoa macho kwenye boriti za darini, pumzi yake ikapanda, ikashuka, ikapanda, na kabla haijapanda tena usingizi ulikuwa umemchukua.

"Mgonjwa wa kitanda cha pili," akaita Bwana Abdulghafur. "Ugua, mama, nikusikie."

Nana akakoroma.

"Mama! Mgonjwa halali hivi, atadhaniwa yuko hotelini! Ebu mwamshe."

Ruweida akamgusa begani, kwa hofu kwamba kweli ataamka. Nana akafumbua macho.

"Sema 'aah', mama. Sema 'uwi'."

"Nimwambie nani?"

"Mgeni rasmi."

"Nimpokee mgeni kwa uwi?" Nana akamtazama kama mtu aliyeambiwa atembee bila leso. "Wazazi wangu wamekufa, baba, lakini wananiona."

Taib akaangua kicheko kutoka kitanda cha kwanza. "Mwache, bwana! Mimi nitaugua kwa ajili ya wote wawili. Nana, wewe tulia, nitakuugulia."

"Mungu akuweke, mwanangu," akasema Nana, akalala tena.

Walirudishwa benchini jioni, Baya akanyoosha shuka kwa kiganja mpaka alama ya Nana ikatoweka.

Siku ya ufunguzi ua ulifagiliwa, magari ya kubebea wagonjwa yakaegeshwa mbali yasiharibu mandhari, na lango kuu likafungwa kwa usalama. Waliokuja kutibiwa waliambiwa wazunguke nyuma. Kulikuwa na hema, viti vyenye vitambaa, na hotuba. Mheshimiwa alisema nchi isiyotunza majengo yake ya kale ni kama mti uliokatwa mizizi, watu wakapiga makofi. Akasema babu zetu walijenga hospitali hii ili hata maskini apate pa kulaza ubavu, wakapiga makofi tena, hasa walioketi. Akakata utepe.

Ruweida alikuwa amevishwa aproni nyeupe akasimamishwa kando ya Nana kama muuguzi wa zamani, maana ilionekana sura yake haina makelele. Aliyaona yote kutoka pale. Benard na Sista Awiti waliitwa wasimame ukutani wapambe ukuta.

Mheshimiwa akaingia na kamera zake. Kwa bahati mbaya Taib alikuwa ameshiba pilau na ana nguvu. Alipomwona mgeni karibu, akajipinda, akauma shuka, akatoa mlio mrefu wenye pembe na kona, akamalizia kwa kutetemeka mguu mmoja. Wanawake wawili wa kamati wakafuta machozi. Mheshimiwa, ambaye hotuba yake mwenyewe ilikuwa bado inamchemka kifuani, akasahau kwamba yuko kwenye maonyesho.

"Kijana huyu anakufa!" akanguruma. "Daktari yuko wapi?"

Benard akajitokeza. "Mheshimiwa, huyu ni…"

"Sitaki kusikia ni nini! Atibiwe sasa hivi!"

Taib akakaa kitako. "Mheshimiwa, mimi mzima. Mimi nauza juisi."

"Mnasikia?" Mheshimiwa akazigeukia kamera, sauti imejaa huzuni. "Hawa ndio watu wa pwani. Hata akiwa kaburini, ukimwuliza hali atakwambia njema. Hawalalamiki! Ni juu yetu sisi viongozi kuona wasichokisema. Apewe kitanda leo hii, achomwe sindano, atiwe maji!"

"Wallahi mimi mzima!"

"Maskini," wakasema wanawake wa kamati.

Machela ikaletwa. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia mheshimiwa amekosea, naye Bwana Abdulghafur alikuwa amegeuka kuutazama ukuta wa matumbawe kana kwamba ameuona leo. Taib akabebwa akipiga mateke, akaapa kwa vyote anavyovijua, akavushwa ua, akatiwa kwenye kitanda kile kimoja kilichokuwa wazi katika jengo jipya. Sista Awiti akamtazama Ruweida kutoka ukutani, akafumba macho.

Mheshimiwa akafika kitanda cha pili.

"Na wewe, bibi? Wambaje?"

Ruweida akaziona nyayo za Nana zinasogea chini ya shuka, zinajificha. Akakiona kifua chake kinahangaika kutafuta hewa ya kujibu. Mtu mwenye macho angeona. Ruweida akafungua mdomo.

"Sina la kwamba, baba," akasema Nana, kwa tabasamu lililowahi kuwapokea wageni wa nyumba nzima za harusi. "Njema, alhamdulillahi. Karibuni. Mmeshapewa chochote?"

Mheshimiwa akapiga paja. "Huyu amepona! Tazameni! Mnaona tofauti? Yule ndiyo kwanza anaingia, huyu anatoka. Hospitali hii inaponya!" Makofi yakapigwa, safari hii hata na waliosimama, na Nana akapigwa picha akishikwa mkono. Ruweida akaufunga mdomo wake.

Walipokwisha kuondoka wote, hema likateremshwa na viti vikapakiwa. Bwana Abdulghafur akapita akikusanya vyandarua, furaha imemjaa. "Tumefaulu, mama. Ulikuwa na utulivu wa kale hasa. Baya, toa shuka, funga."

Kutoka jengo jipya kukasikika kishindo. Taib alikuwa ameng'oa mrija wa maji ya mshipa, ameruka dirisha, na sasa alikuwa anakata ua mbio kuelekea Makadara, plasta ikipepea mkononi. "Kitanda hicho mpeni adui yangu!" akapiga kelele bila kugeuka nyuma.

Baya akafika kwenye kitanda cha Nana. "Haya, mama, tushuke." Akaushika mto wa juu, akauvuta.

Mto haukuja. Ruweida alikuwa ameushika upande wa pili.

"Acha, binti. Hii ni turathi."

Ruweida hakuacha. Wakavutana kimya kimya, mzee na msichana, juu ya kichwa cha Nana, naye Nana akisema, "Ruweida, adabu, kitu cha watu hicho," na pumzi inamkatika katikati ya neno "watu".

Benard akaingia, miwani mkononi, amechoka, na Sista Awiti nyuma yake. "Yule wa juisi ametoroka," akasema. "Nina kitanda, sista, lakini lazima nimpe anayestahili kweli, nisije nikaulizwa." Akamwona Nana, uso wake ukalainika. "Nana! Leo umetutoa aibu. Nadhani kesho nikuruhusu uende nyumbani. Wambaje lakini?"

Nana akanyoosha leso yake. Akajikusanya, kama anayeinuka kumpokea mtu mlangoni. "Sina la kwamba, ba…"

"Analo!"

Wote wakageuka kumtafuta aliyesema. Ruweida naye nusura ageuke. Akauachia mto, Baya akaanguka nao kitako. Kisha akafanya jambo ambalo angelipigiwa utotoni: akaivuta shuka, akaifunua miguu ya Nana mbele ya mwanamume, imevimba, inang'aa, akabonyeza kwa dole gumba, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Ruweida!" Nana akafunika uso wake kwa mikono yenye hina. "Umenivua nguo."

"Nisamehe, Nana." Sauti ilikuwa imeshatoka, na iliyotoka hairudi. Akamgeukia Benard, akamtazama machoni. "Hiyo njema ni ya mdomo, daktari. Ni ya wageni. Nana wangu hawezi. Hawezi tangu mfungo, halali, akilala pumzi zinamkimbia, nami kila siku husimama hapa nikamsikia akikwambia njema, na mimi naogopa."